Sema Kufumua

Tunarekodi kabatini, Tudor, saa nane za usiku,
fundi wa mageti hapo chini akishazima moto wake
na kunguru hawajaanza matusi ya alfajiri.
Mabaibui ya dada yangu ndiyo kuta za studio.
Feni tumeizima; jasho lanidondoka
juu ya makala, kurasa kumi na nne,
kila sentensi imevaa koti na tai.

Kalume, hedifoni masikioni, hunyanyua kidole:
"Neno hilo mamangu atalivuka kama dimbwi."
Nalivua neno. Chini yake mna neno jingine.
Chini ya hilo, kitu chenyewe, kidogo, kinapumua.

Ndiyo kazi. Podikasti ya dakika ishirini:
habari za maabara za wiki hii
zishuke ngazi, zivae ndara, ziende Marikiti.

Za mwizi ni arubaini.
Zangu zilifika kipindi cha arubaini na moja.
Nilisema: ng'ambo wamejua kuisahihisha jeni
inayozipinda chembe za damu zikawa mundu.
Nilisema: ni kama mkasi, mdogo kuliko wazo,
unakata palipokosewa.
Nikaridhika na mkasi wangu. Nikalala.

Asubuhi, ujumbe wa sauti,
cherehani ikikimbia nyuma ya maneno:
"Mimi Mwinyihaji, nashona kanzu, Mwembe Kuku.
Dada, mkasi ni wa kitambaa kizima.
Mshono ukienda upogo, hukati nguo.
Wachukua kile kichuma chenye ncha ya uma,
wafumua uzi mmoja, taratibu, nguo isijue.
Sema kufumua."

Nikarudi ukurasa wa tisa.
Herufi moja tu, wameandika, kati ya mabilioni.
Hajausoma, na ameuelewa kunishinda.

Kisha cherehani ikanyamaza.
"Nna binti, Mishi, miaka saba. Sikoseli.
Wodi ya Makadara twaijua hadi nyufa za dari.
Huko kufumua, kwafanywa wapi?
Nitajie bei. N'tashona usiku."

Kalume akavua hedifoni.

Mimi hodari wa vipimo:
umbali wa nyota nimeupima kwa safari za Voi,
virusi kwa punje ya mchele.
Basi nikaipima bei kwa kanzu.
Kanzu tatu kwa siku, Ijumaa mapumziko.
Akafa Mwinyihaji, mwanawe akaketi kwenye kanyagio,
mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza,
na cherehani bado yazunguka.

Habari niliifikisha mlangoni.
Dawa haikuja nayo.

Kipindi cha arubaini na mbili hakina utani.
Nilieleza kilichopo: vidonge vya kliniki,
maji, na homa isiyongojwa hadi kesho.
Nilieleza majaribio: wagonjwa wangapi,
walifuatiliwa muda gani, nani hakuhesabiwa.
Nikataja bei, kwa kanzu.
Halafu nikatumia neno ambalo makala hayana,
neno dogo la kwetu: bado.
Bado si hapana.
Si ndiyo vilevile, na sikulipaka sukari.
Kalume alitaka muziki wa kufungia.
Nikamwambia, acha cherehani.

Jana limekuja jibu. Sauti si yake:
"Shikamoo. Mimi Mishi.
Baba asema damu yangu ina mshono.
Uko upande gani, wa ndani au wa nje?"

Tumerudi kabatini. Feni kimya.
Kalume ananyanyua kidole, anakishusha.
Nimeandika sentensi tatu za kumjibu.
Zote zimevaa tai.